Kwa Nini Roketi Hupinduka Sekunde ya Ishirini na Tano

Roketi ya kwanza ya wachezaji wengi wa mchezo wa kompyuta wa Kerbal Space Program hufanana: kapsuli ya Mk1 yenye parachuti kichwani, matangi matatu ya FL-T400 yaliyopandana, na injini ya LV-T30 Reliant chini kabisa. Inaondoka kwa kishindo, inapanda imenyooka, halafu mnamo sekunde ya ishirini na tano hivi pua inaanza kulala upande. Mchezaji anabonyeza kibodi kuirudisha, haisikii. Punde mkia uko mbele, pua iko nyuma, na safari imekwisha.

Wengi hapo hujihukumu kwamba hawajui kuendesha. Hukumu hiyo si ya haki. Roketi ile ilikuwa na kila sababu ya kupinduka tangu ikiwa karakanani, na wakati ilipopinduka unatueleza mengi kuliko jinsi ilivyopinduka. Ndiyo maana swali la kwanza ninalouliza mtu anapolalamikia roketi yake ni hili: imeanza kukorofisha lini?

Tufanye hesabu ya hiyo tuliyoitaja. Tangi moja la FL-T400 likijaa lina tani 2.25, likikauka linabaki robo tani. Reliant ina tani 1.25. Ukijumlisha kapsuli na parachuti, unapata karibu tani 9, yaani uzito wa takriban kilonyutoni 88. Injini hiyo kwenye usawa wa bahari inasukuma kwa kilonyutoni 205. Msukumo umezidi uzito mara mbili na ziada. Kwa nguvu zote hizo inateketeza karibu kilo 79 kila sekunde, kwa hiyo tani mbili za mwanzo zinakwisha katika sekunde 25. Wakati huo roketi iko kilomita nne au tano tu juu, ndani ya hewa nzito bado, na imefikia au imeshavuka kasi ya sauti.

Mambo mawili yamekutana hapo. La kwanza ni hewa: nguvu yake juu ya chombo hukua kwa mraba wa kasi, hivyo kasi ikiongezeka maradufu, hewa inasukuma mara nne. La pili ni uzito kuhama. Kama tangi la juu ndilo lililotangulia kukauka, na katika matoleo ya zamani ya mchezo, huo ndio uliokuwa utaratibu, tani mbili zimeondoka karibu na pua huku injini nzito ikibaki mkiani. Kwa makadirio yangu kitovu cha uzito kimeshuka zaidi ya nusu mita. Mshale huruka sawa kwa sababu uzito uko kwenye ncha na manyoya yako nyuma. Roketi hii imegeuka mshale wenye ncha ya mbao na mkia wa chuma. Pua ikikengeuka kidogo tu, hewa inaidaka na kuizungusha.

Kwa nini basi kibodi haisaidii? Reliant haina mdomo unaogeuka. Inasukuma moja kwa moja tu. Kilichobaki cha kuielekeza roketi ni gurudumu la kugeuzia lililo ndani ya kapsuli, ambalo nguvu yake ya kuzungusha ni kilonyutoni-mita 5. Hewa ikisukuma pua kwa kilonyutoni 10 kutoka ubavuni, mita mbili mbele ya kitovu cha uzito, inazungusha kwa 20. Gurudumu limezidiwa mara nne. Hata ukiwasha SAS, ule mfumo wa kushikilia mwelekeo, utakuwa unapambana kwa mikono mitupu.

Dawa inaanzia karakanani, wala si kwenye usukani. Pale chini ya skrini kuna vitufe vya kuonyesha vitovu: mpira wa njano ni wa uzito, wa buluu ni wa mbawa na mapezi. Bonyeza kila tangi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, vuta kipimo cha mafuta hadi sifuri, moja baada ya jingine kutoka juu, huku umeukazia macho mpira wa njano. Utauona ukiteremka. Kisha rudisha mafuta, uanzie kumwaga chini, uone tofauti. Zoezi hili halichukui dakika mbili, na sijaona somo linalomfungua mchezaji macho kama hili. Lakini mpira wa buluu usikupumbaze: hauhesabu ukinzani wa umbo zima la roketi. Kapsuli pana au mzigo wenye miguu na antena kileleni unaweza kuipindua roketi ambayo mipira yake imepangika vizuri.

Baada ya hapo, weka mapezi manne mkiani, chini kabisa kadiri yatakavyokubali. Mapezi ya juu, karibu na pua, hufanya kinyume cha unachotaka. Badilisha Reliant kwa LV-T45 Swivel, ambayo mdomo wake unageuka nyuzi 3 kila upande. Msukumo utapungua hadi kilonyutoni 168, na kupungua huko kuna faida, maana bado umezidi. Punguza zaidi kwa kipimo cha msukumo hadi uwe kati ya mara 1.3 na 1.5 ya uzito. Na tangu toleo la 1.2, ukiwasha mipangilio ya ziada, kila tangi hupewa namba ya zamu yake ya kutoa mafuta. Lipe la chini zamu ya kwanza.

Lipo kosa la uendeshaji pia, ila mara nyingi limerithiwa. Masomo mengi ya zamani yanafundisha kupanda wima hadi kilomita 10, kisha kuinamisha roketi nyuzi 45 kwa mkupuo mmoja. Kabla ya toleo la 1.0, lililotoka Aprili 27, 2015, ushauri huo ulifaa, kwa sababu Squad, kampuni ya Mexico City iliyoutengeneza mchezo huu, ilikuwa imeweka hewa ambayo ukinzani wake ulifuata uzito wa kipande badala ya umbo lake. Toleo la 1.0 lilileta hewa inayojali umbo. Kuinama nyuzi 45 ghafla katika hewa hiyo ni kuigeuzia ubavu wote. Anza kuinama mapema, kasi ikiwa mita 50 hadi 100 kwa sekunde, nyuzi chache tu, halafu iache pua ifuate alama ya uelekeo wa mwendo kwenye tufe la dira. Usiivuke alama hiyo kwa zaidi ya nyuzi 5 hadi hewa itakapokuwa nyepesi. Ukibonyeza F12 utaiona mishale ya nguvu za hewa ikichomoza kwenye kila kipande, nawe utajua ni kipi kinachokuvuta.

Roketi inayotikisika kushoto kulia kama inayocheza ngoma ina ugonjwa mwingine. Hapo viungo kati ya vipande vinapinda, kapsuli inahisi mpindo, SAS inaamuru injini isahihishe, na usahihisho unafika wakati chombo kimeshapindia upande wa pili. Kuongeza nguvu za kuongoza kunazidisha balaa. Funga mihimili, au punguza kiasi cha mdomo wa injini kugeuka.

Inayopinduka mara tu inapoachia jukwaa ichunguzwe kwingine kabisa: kipande kinachoongoza huenda kimefungwa kichwa chini. Tazama tufe la dira kabla ya kuwasha injini. Roketi ikiwa imesimama wima, katikati ya tufe pawe na rangi ya buluu ya anga. Ukiona hudhurungi ya ardhi, kompyuta inaamini mbele ni chini, na kila usahihisho utakuwa kinyume. Tusiwacheke wachezaji kwa hili. Julai 2, 2013, roketi ya Urusi aina ya Proton-M ilianguka Baikonur chini ya dakika moja baada ya kuruka, pamoja na satelaiti tatu za GLONASS, na uchunguzi ulikuta vihisi vya kasi ya mzunguko vimefungwa juu chini.

Wanaopenda injini za mafuta makavu kama RT-10 Hammer, ambazo mdomo wake haugeuki, wana cha kujifunza kutoka pwani ya Kenya. Roketi za Scout zilizorushwa na Waitaliano kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, zilitumia mafuta hayohayo. Hatua ya kwanza iliongozwa na ncha za mapezi zilizoweza kugeuka, pamoja na vibao vidogo vilivyoingia ndani ya moto wa injini. Desemba 12, 1970, siku ya Jamhuri, Scout mojawapo ilipandisha Uhuru, satelaiti ya kwanza iliyotengwa kwa ajili ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka anga za mbali. Ndani ya mchezo, mapezi ya AV-R8 yanayogeuka, yakifungwa mkiani mwa Hammer, hufanya kazi inayokaribiana na hiyo.

Ile roketi yetu ya matangi matatu, ikipewa Swivel, mapezi na msukumo wa wastani, itapanda imenyooka hadi mafuta yaishe. Mzingoni haitafika: ina uwezo wa kama mita 3,100 kwa sekunde, na kuizunguka Kerbin, sayari ya mchezo huu, kunahitaji karibu 3,400. Iongezee hatua ya pili, kisha uanze kumwaga matangi upya karakanani, kwa sababu mpira wa njano utakuwa umehama tena.