Pango, Hori na Duara: Vinyago vya Noeli Vikitazamwa kutoka Geita

Wakatoliki wa Tanzania huita "pango la Noeli" kile ambacho Injili ya Luka hukitaja kwa neno hori. Pango halimo kwa Luka. Limo katika mapokeo ya karne ya 2 yanayohusishwa na jina la Yakobo, na desturi ya kuliunda hunasibishwa na Fransisko wa Asizi, huko Greccio mwaka 1223. Ilipofika mikononi mwa mafundi wa Kimakonde, desturi hiyo ilivaa mpingo.

Seti hizo huchongwa kwa mtindo wa binadamu, si wa shetani wala ujamaa. Mariamu hujitanda kitambaa, mchungaji hushika fimbo, na banda huezekwa kwa nyasi. Kuondoa sura za Kizungu kwenye hori ni mafanikio yasiyopaswa kubezwa. Hata hivyo, kijiji kinachochorwa humo kwa kawaida ni kijiji kisicho na kazi. Fimbo imeshikwa, lakini hakuna kinachochungwa; jembe halionekani. Ni kijiji kama kinavyoonwa na mgeni anayetafuta cha kununua.

Mfugaji wa Kisukuma angeanza kumtazama ng'ombe. Ng'ombe wake ana nundu, naye ndiye mahari na akiba ya nyumba. Pale fundi alipochonga nundu, taswira husema kweli; asipoichonga, ng'ombe huyo ni wa plasta ya Ulaya aliyepakwa weusi.

Tatizo kubwa zaidi ni dhahabu. Kwa Mathayo, mamajusi huileta kutoka mbali, na mchongaji huiweka ndani ya kijisanduku mikononi mwa mgeni mwenye joho. Geita ilichimbwa tangu enzi ya ukoloni, na mgodi mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Huko wageni hawaleti dhahabu, huondoka nayo. Wachimbaji wadogo, wengi wao wakulima, hushuka kwenye maduara kwa kamba, na neno pango masikioni mwao haliwezi kubaki na utulivu lilio nao mbele ya altare. Ajabu ni kwamba taswira inayodai kuonyesha maisha ya shamba humwacha nje mtu mwenye sururu na karai, kana kwamba yeye si mwanakijiji.

Kanda hiyo ina mfano wa ujasiri mkubwa zaidi. Huko Bujora, Kisesa, kuanzia miaka ya 1950, Padre David Clement aliingiza kanisani alama za utemi wa Kisukuma, vitu vyenye wenyewe na historia yake, badala ya Uafrika wa jumla usio na anwani. Vinyago vya Noeli havijafika hapo. Fundi atakayemchonga mchimbaji wa Geita atalazimika kwanza kuamua amsimamishe upande gani wa hori: kwa wachungaji, ambao umaskini wao anao, au kwa mamajusi, ambao dhahabu yao ameichimba yeye.