Wavuta maji wa Wajir

Ngamia aliyekaa na kiu siku kumi anaweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa mara moja, na robo saa haiishi kabla hajamaliza. Sasa chukua kundi la ngamia 30, ukadirie lita 80 tu kwa kila mmoja. Hizo ni lita 2,400, karibu tani mbili na nusu za maji. Kwa ndoo ya lita 10, ni lazima uvute mara 240. Na kisima kikiwa na kina cha mita 8, kamba itakayopita viganjani ikipanda tu inakaribia kilomita mbili. Usisahau kuwa anayevuta alitembea na mifugo hao hadi kisimani, na atatembea nao tena kurudi malishoni.

Wajir ni mji wa visima. Maji yake yamo kwenye mawe ya chokaa, si mbali na uso wa ardhi, na wafugaji wameyafikia kwa mikono yao tangu zamani. Visima vya Orahey vimo mjini humohumo. Ukishuka kusini, kutoka Habaswein kuelekea Dadaab na Liboi, maji yako chini zaidi ya mita mia, na huko kazi ni ya pampu. Pampu ni neema, hakuna mfugaji anayeikataa. Lakini ufundi ninaoutaka uko kwenye kamba.

Mtazame mvuta maji miguu kwanza. Mmoja uko mbele, karibu na ukingo, mwingine nyuma, magoti yamelegezwa kidogo. Akiinama, anainamia nyongani, mgongo umenyooka vilevile. Mikono inapokezana: huu ukiishika kamba chini ya kitovu, ule unaiachia karibu na kifua, na hakuna mkono unaokwenda mbali kuitafuta. Ndoo inapanda ikiwa karibu na mwili wake. Nguvu inatoka mapajani. Vidole kazi yao ni kushika tu. Kijana mgeni huvuta kwa misuli ya mikono, kwa haraka na kwa sifa, na ndoo ishirini hazifiki kabla vidole havijakataa kufumba. Hapo mzee humwita "adeer", yaani ami, kama ambavyo kijana naye angemwita yeye, kisha humwambia asimame upya.

Halafu kuna wimbo. Wasomali wana nyimbo za kazi wanazoziita hees hawleed, na za kunywesha ngamia ni hazina kubwa. Wengine huzipenda kwa ushairi wake, nami nazipenda kwa hilo pia, lakini simama kando ya kisima usikilize zinavyofanya kazi mwilini. Huwezi kuimba huku umeziba pumzi. Anayeimba anatoa pumzi kamba inapopanda na kuingiza inaposhuka, na mwendo haupiti uwezo wa kifua chake. Wakiwa wawili au watatu, sauti ya mwenzao ikianza kukatika wanajua zamu imefika, na wanampokea angali na nguvu. Kumpokea mtu kabla hajachoka kabisa: sehemu kubwa ya ustadi wao iko hapo.

Akishapokewa, tazama anachofanya. Anachukua fimbo yake, anaiweka nyuma ya shingo, juu ya mabega, kisha anatundika mikono yote miwili juu yake, viganja vikining'inia. Wapiga picha hupenda sana mkao huu, wakidhani ni wa kujipumzisha tu. Kumbe kamba imekuwa ikiyavuta mabega mbele asubuhi nzima, na fimbo inayarudisha nyuma na kufungua kifua. Baadaye anachuchumaa, visigino vyote viwili vikiwa chini, macawis, kikoi chake, imekusanywa magotini, akizungumza na wenziwe. Misuli ya kiuno na ya mashavu ya miguu inajinyoosha bila yeye kuitaja. Wengi wetu wa ofisini tukijaribu mkao huo visigino vinanyanyuka wenyewe.

Na kuna swala. Rakaa 17 za faradhi kila siku, zenye rukuu na sijida, ni ibada, na sitaki kuzishusha zionekane mazoezi. Ila mtu aliyerukuu na kusujudu tangu utoto, nyonga zake zinajua kukunjika, na hilo analibeba hadi kisimani.

Ufundi huu umesafiri. Siku ya Jumatano, soko la mifugo la Garissa likifurika, wapakizi wanapandisha mbuzi kwenye malori yanayokwenda Nairobi na Mombasa. Waliolelewa visimani hawamnyanyui mbuzi kwa mikono iliyonyooshwa. Wanamkumbatia kifuani, wanakunja magoti, wanamsukuma juu kwa mapaja, na lori moja likiisha wanatafuta fimbo ya kuweka mabegani kabla ya lingine. Vijana waliokulia mjini huwaiga: kwanza namna ya kusimama, baadaye na ile fimbo.