Fundi Huanza na Maji

Wanaofuga samaki wa baharini majumbani hupenda kusifiana kwa taa, matumbawe na bei ya vifaa. Vitu hivyo hununuliwa na yeyote mwenye fedha. Ufundi wenyewe huonekana wakati wa kuchagua, hasa pale mfugaji anapotaka samaki wadogo waendao kwa makundi, kwa kuwa samaki wa aina hiyo haitoshi kumpenda kwa rangi. Sharti uyajue maji yanayomfaa na wenzake atakaoishi nao. Msomaji wa Kasongo au Kabambare anaishi mbali na bahari, lakini ushahidi wa jambo hili upo sokoni kwake. Maji ya Ziwa Tanganyika hutokea Kalemie kwa mto Lukuga, Lukuga ukamwaga katika Lualaba, nao Lualaba ukapita jirani na Kasongo. Hata hivyo ndagala wakavu wanaouzwa huko hufika kwa magunia kutoka ziwani. Kuunganishwa na mto hakutoshi: ndagala anataka maji mapana yenye kina.

Ushahidi mkubwa zaidi uko Kivu. Kati ya 1958 na 1960, vifaranga vya ndagala wa aina mbili, Stolothrissa na Limnothrissa, vilitolewa Tanganyika na kumwagwa katika Ziwa Kivu. Mnunuzi wa kawaida angewaona kuwa kitu kimoja: wote wadogo, wote weupe wa kumetameta, wote wa makundi. Limnothrissa ndiye aliyestawi, na ndiye sambaza anayeliwa leo Bukavu na Goma, mwenzake hakushika. Ikiwa ziwa zima liliweza kumkataa mmoja wao, tangi la lita 200 halina uvumilivu zaidi.

Tazama sasa samaki wa baharini wanaopendwa zaidi kwa kufugwa makundi tangini. Kromisi wa kijani huelea kwa makundi juu ya matumbawe yenye matawi, na akishtuka hujichomeka humo ndani. Mtu hununua sita akitarajia kundi. Tangini, mara nyingi mwenye nguvu humfukuza mnyonge, na mnyonge hana pa kukimbilia. Hufa mmoja, kisha mwingine, hadi wabaki wawili au mmoja. Anthiasi wa rangi ya chungwa, ambaye huvuliwa hai pwani ya Kenya na kusafirishwa kwa ndege, ana kanuni nyingine: dume mmoja hutawala majike kadhaa, na akitoweka, jike mkubwa hugeuka dume. Fundi anayejua hilo hachukui madume matatu kwa kuvutiwa na rangi yao. Anajua pia kwamba anthiasi hudonoa vidudu vinavyoelea mchana kutwa, kwa hiyo anayelisha jioni tu akirudi kazini amwache. Baada ya hapo huja ukaguzi wa samaki mmoja mmoja: tumbo lisiwe limebonyea, mapezi yawe wazi, asihemee juu ya maji wala kujitenga pembeni. Muuzaji aombwe atie chakula mnunuzi akiona. Samaki asiyekula dukani, mwenye busara humwacha dukani.

Wapo watakaosema huu ni mchezo wa matajiri, katika nchi ambayo samaki ni kitoweo. Kweli, tangi si hitaji la nyumba. Lakini mama muuza ndagala anayechambua fungu, akitenga waliovunjika na wenye mchanga, anatumia jicho lile lile lenye nidhamu, na hakuna anayemdharau kwa sababu bidhaa yake ni ndogo. Hoja nzito zaidi ni ile ya miamba: kila samaki aliyevuliwa hai amepunguzwa baharini. Kadinali wa Banggai, wa visiwa vichache vya Indonesia, alivuliwa kwa wingi hata mwaka 2007 akaorodheshwa kimataifa miongoni mwa viumbe walio hatarini kutoweka. Hoja hiyo haiuvunji ustadi wa kuchagua, bali inauongezea sharti. Kadinali huyo huzaliana tangini, baba akiyatunza mayai kinywani, kwa hiyo anayemtaka amtafute aliyezalishwa na wafugaji.

Swali la mwisho ni la umeme. Chumvi ya kuchanganya, takriban gramu 35 kwa lita, inaweza kusafirishwa hadi Kasongo. Lakini pampu ikizimika usiku kucha hewa hupungua majini, na kundi zima hufa pamoja. Asiye na umeme wa uhakika, hata wa jua wenye betri ya kufika asubuhi, hana haki ya kununua. Kwa kanuni ya ustadi huu, anayepima maji yake, umeme wake na muda wake akaamua kutonunua amechagua vizuri kuliko mwenye tangi la fahari linalobadilishwa samaki kila mwezi.