Mbegu Zilizotoka Isiuzo

Kitabu cha Chinua Achebe kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1958. Wengi wetu hapa Kongo tulikisoma kwa Kifaransa, Le monde s'effondre. Wenzetu wa Kiswahili wamekipata katika tafsiri ya Clement Ndulute ya mwaka 1973, iitwayo Shujaa Okonkwo. Jina hili la pili limenisumbua sana. Msomaji hajafungua hata ukurasa mmoja, kumbe amekwisha kuambiwa nani ameshinda kesi.

Na kweli wazee wetu wanakisoma hivyo. Katika matanga utamsikia mtu mzima akiwaambia vijana: Mtazameni Okonkwo! Baba yake alikuwa mvivu, hakumwachia ghala wala shamba, naye akafanya kazi mpaka akawa mkubwa katika Umuofia. Basi ninyi mnalia nini?

Ndugu msomaji, turudi katika kitabu chenyewe. Ni kweli, Unoka alikuwa mtu wa filimbi na pombe, na mke na watoto wake walipata chakula kwa shida. Siku Okoye alipokuja kudai simbi zake 200, Unoka alicheka sana, akamwonyesha mistari ya chokaa ukutani, akasema kwamba atalipa kwanza madeni makubwa. Tunacheka pamoja naye, lakini Okoye alirudi nyumbani mikono mitupu, na fedha ile ilikuwa jasho lake. Wako wasomaji wanaompenda Unoka kupita kiasi kwa sababu ya filimbi yake. Mimi simo. Hata kuhani wa kike wa Agbala alimfukuza, akimwambia aende akalime kama mwanamume.

Sasa ona namna Okonkwo alivyoanza. Alipeleka pombe ya mitende na jogoo kwa tajiri Nwakibie, akaomba mbegu za viazi vikuu. Akapewa 800, kwa mapatano magumu, maana mlimaji wa namna hii alibakiwa na theluthi moja tu ya mavuno. Mbegu nyingine 400 zilitoka mji wa Isiuzo. Kwa nani? Kwa rafiki wa baba yake! Wazee wetu hawataji neno hili kamwe, na ninadhani Okonkwo mwenyewe alilisahau upesi. Yule mvivu aliyeacha madeni aliacha pia rafiki, na rafiki huyo alimwamini mtoto. Nyuma ya kijana walikuwako vilevile mama na dada wawili, waliolima mihogo na maharagwe pasipo kusifiwa na mtu.

Kisha mwaka ule ukaharibika. Jua likateketeza mbegu 400 zilizokuwa zake mwenyewe, alizozipanda mapema. Halafu mvua ikaja na gharika. Mkulima mmoja alijinyonga. Hapo si uvivu tena, maana waliojitahidi na wasiojitahidi walipata hasara ileile. Na nani alimfariji Okonkwo? Ni Unoka, akiwa mgonjwa. Alimweleza mwanawe kwamba hasara ya wote haimvunji mtu mwenye moyo wa kiburi. Hasara ya kushindwa peke yako ndiyo chungu zaidi. Naona maneno hayo ndiyo yenye akili kuliko yote katika sehemu ya kwanza, na Achebe ameyatia katika kinywa cha mtu asiye na kitu. Okonkwo hakuyapokea. Yeye alishukuru nguvu za moyo wake tu.

Kwa sababu hiyo Nwoye aliteswa. Alikuwa na miaka 12, na baba akaona tayari uvivu wa babu ndani yake. Siku ya kukata mbegu alimtisha kumvunja taya, ingawa moyoni alijua kwamba mtoto hajafika umri wa kuelewa kazi ile. Msomaji asipite haraka hapa. Okonkwo alijua! Alikuwa akimdai mtoto deni la Unoka. Nwoye alipokwenda kwa wamisionari, baba alikaa karibu na moto akishangaa namna yeye alivyoweza kuzaa mtoto kama huyo.

Ninawaza hayo kwa sababu ya kwetu Katanga. Wazee wanaotuhubiri Okonkwo walipata kwa kampani nyumba, posho, hospitali na shule ya watoto. Walifanya kazi ngumu, sikatai, wengine waliacha afya yao huko. Lakini mbegu walizipewa. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari. Watoto wa wengi wao hawakukuta mlango wa Nwakibie wa kubisha. Kijana anayekunywa franka za ada ya mdogo wake ana hatia yake, na Okoye anamngoja. Bali anayeambiwa tu "uwe mwanamume" ana haki ya kuuliza mbegu ziko wapi.

Achebe naye nina neno juu yake. Nwakibie anapewa kurasa nzima, pamoja na wake zake tisa na ghala zake tatu. Yule rafiki wa Isiuzo anapita mbio, hata jina hakupewa.