Ndengu Zisizo na Chumvi

Sanaa ya nyumbani tunaishangilia kama mtoto anayeimba kanisani: hata akikosea, ni makofi tu. Mimi nimechoka.

Nairobi Half Life (2012) naipenda. Mwas anaibiwa siku ileile anaingia mjini, na yeyote aliyewahi kushukia River Road na begi anaijua hofu hiyo. Lakini Amina je? Anapendwa na Oti, kisha na Mwas. Yeye mwenyewe anataka nini? Hatuonyeshwi vya kutosha.

Hata Meja Mwangi, ninayemheshimu sana, alifanya hivyo. Katika Going Down River Road (1976), Wini anamwachia Ben mtoto na kutoweka. Ben tunamjua hadi kiu yake. Wini anabaki kama uvumi. Miaka 36 kati ya kitabu na filamu, na mji bado unasimuliwa na wanaume.

Ukisema hivi unaambiwa uache chuki, tuinue vya kwetu. Kibandani hakuna stori hizo. Ndengu zikikosa chumvi namwambia, "Mathe, leo umetuangusha." Anacheka, ananisukumia chumvi. Kesho niko hapo tena, na nalipa.