Kiwanuka Alimwachia, Watu Wakacheka

Katika kijarida hiki tumezoea kuhakiki vitabu, nyimbo na maigizo. Leo mimi nahakiki kitu cha sekunde chache tu: mchezaji anamkamata mwenzake, halafu anamwachia. Basi. Hakuna damu, hakuna mfupa uliovunjika. Lakini ni karibu miaka 20 sasa watu wanamcheka, na mimi naona kicheko hicho kimekosea. Nataka kueleza kwa nini, na kwa nini kinatuhusu sisi wa Bujumbura na ninyi wa Musasa, Kavumu na Bwagiriza, ingawa mpira huo wa Marekani hatuuchezi.

Hatuuchezi, lakini tunaujua kwa simu. Ndugu waliopata kwenda Marekani wanatutumia video. Wadogo zetu wanaosoma huko wanaitwa kuucheza kwa sababu wana mbio na nguvu, na wazazi wanapewa karatasi ya kusaini kwa lugha ambayo bado wanajifunza. Na vijana wa hapa, video wanazozipenda ni zile za kugongana. Watu wawili wenye helmeti wanakutana kama malori, mmoja anabaki chini, na juu yake wamewekea muziki. Hizo ndizo zinazozunguka Buyenzi na Kinama. Ile ya Kiwanuka huzunguka pia, ila kama kichekesho.

Kwa asiyeujua mchezo: timu yenye mpira inapewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10, yaani mita 9 na kidogo. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Mtu muhimu kuliko wote ni yule anayepokea mpira nyuma na kuurusha kwa wenzake. Hapa nitamwita mrushaji. Kazi ya walinzi ni kumfikia na kumwangusha kabla hajaurusha. Lakini akishaurusha, haruhusiwi tena kupigwa. Ukimwangusha kwa kuchelewa, au ukimgonga kichwani, timu yako inarudishwa yadi 15 na wapinzani wanaanza majaribio yao upya.

Sasa tarehe 26 Novemba 2006, mjini Nashville. New York Giants waliingia robo ya mwisho wakiongoza 21-0 dhidi ya Tennessee Titans. Titans wakarudi mpaka 21-14. Mwishoni kabisa wakafika jaribio la nne na yadi 10 za kwenda. Wakikosa hapo, habari yao imekwisha. Mathias Kiwanuka, kijana wa Giants wa miaka 23 katika msimu wake wa kwanza, akapenya na kumkumbatia mrushaji wao, Vince Young. Alikuwa naye mikononi kabisa. Halafu akafungua mikono. Alidhani mpira umekwisha kurushwa, akaogopa adhabu. Kumbe Young bado anao. Akakimbia yadi 19. Titans wakasawazisha, kisha wakashinda 24-21 kwa teke la sekunde za mwisho.

Jina Kiwanuka wengi mnalifahamu. Mathias alizaliwa Indianapolis kwa wazazi Waganda. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda mwaka 1962, baadaye Jaji Mkuu, ambaye Septemba 1972 alitolewa mahakamani na watu wa Idi Amin na hakurudi tena. Babu alikuwa mtu wa sheria katika nchi ambayo wenye bunduki waliidharau sheria. Mjukuu aliifuata sheria ndogo ya mchezo, na wenye mdomo wakamdharau yeye.

Sitaki kumfanya mtakatifu. Hakumwachia Young kwa huruma. Alimwachia kwa kuogopa adhabu na kwa kusoma mchezo vibaya. Kama mtu anamcheka kwa sababu hakuuona mpira, sawa, hilo ni kosa la kazi. Lakini wengi hawamcheki kwa macho yake, wanamcheka kwa mikono yake. Wanasema alipaswa kumbwaga tu, adhabu ije baadaye. Hapo ndipo ninapobisha. Sheria ya kulinda mwili wa mtu haihitaji watakatifu. Inahitaji mtu mwenye nguvu asite kidogo kabla ya kuzitumia. Kusita kule ndiko sheria yenyewe ikifanya kazi. Ukikicheka kitendo cha kusita, unaicheka sheria, hata kama mdomoni unasema unaipenda.

Wekeni kitendo hicho pembeni ya kingine. Tarehe 12 Agosti 1978, Oakland, katika mechi ya maandalizi kabla ya msimu, Darryl Stingley wa New England Patriots, miaka 26, aliruka kufuata mpira ambao hakuufikia. Jack Tatum wa Oakland Raiders akamgonga. Shingo ikavunjika, na Stingley hakutembea tena mpaka alipofariki mwaka 2007. Refa hakutoa adhabu yoyote, kwa sababu kwa sheria za siku zile pigo lile lilikuwa halali. Jina la utani la Tatum lilikuwa Muuaji, na baadaye alitoa kitabu kuhusu maisha yake kikiwa na jina hilohilo kwenye jalada.

Tazama basi: aliyemvunja mwenzake shingo aliuza kitabu kwa jina la kutisha, na aliyefungua mikono akabaki kichekesho. Sisemi Tatum alikusudia. Nasema watazamaji ndio waligawa sifa na aibu, na waliigawa kinyume. Mtoto anayetazama video zote mbili hahitaji mwalimu wa kumweleza ipi aige.

Wapo watakaosema: hao ni watu wazima, wanalipwa mamilioni, wamechagua wenyewe. Ni hoja ya kweli, lakini mtu hachagui kitu alichofichwa. Mike Webster alicheza katikati ya mstari wa mbele wa Pittsburgh Steelers. Alikufa mwaka 2002 akiwa na miaka 50, na katika miaka yake ya mwisho akili ilimpotea, kuna siku alilala ndani ya gari lake. Daktari aliyeuchunguza ubongo wake ni Bennet Omalu, Mnigeria aliyezaliwa mwaka 1968 wakati wa vita vya Biafra, familia yake ikiwa imekimbia kwao. Ndiyo, mtoto wa wakimbizi. Mwaka 2005 Omalu na wenzake walichapisha walichokiona: ubongo ulioharibika kwa kugongwa mara nyingi. Madaktari waliokuwa wakifanya kazi na ligi ya NFL walitaka makala hiyo iondolewe. Ikafika 2016 ndipo mkubwa mmoja wa ligi alipokubali mbele ya wabunge wa Marekani kwamba mchezo na ugonjwa huo vinahusiana.

Mwaka 2013 ligi ilikubali kuwalipa wachezaji wa zamani dola milioni 765, na baadaye kikomo hicho kikaondolewa. Lakini katika kupima nani ameumia, kulitumika vipimo vilivyochukulia kwamba mtu mweusi alianza na uwezo mdogo wa akili, kwa hiyo ilikuwa vigumu zaidi kwake kuonyesha kwamba amepoteza kitu. Mwaka 2021 ndipo ligi ikaahidi kuacha. Soma tena sentensi hizo mbili polepole. Kichwa cha mtu mweusi kilikuwa kigumu vya kutosha kugonga, lakini si cha thamani ya kutosha kulipwa.

Na hapa lazima niwe mkweli kuhusu sheria yenyewe ambayo Kiwanuka aliiogopa. Haikuandikwa kwa mapenzi tu. Inamlinda zaidi mrushaji, na mrushaji ndiye mchezaji wa bei kubwa. Webster, ambaye aligongana na mtu karibu kila mpira ulipoanza, yadi 15 zile hazikumsaidia. Pia sheria inamtwisha mlinzi mzigo wa kuamua katika nusu sekunde. Machi 2024 ligi ilipokataza namna ya kumkamata mtu kwa nyuma, kujizungusha na kumwangukia miguuni kwa uzito wote wa mwili, chama cha wachezaji wenyewe kilipinga. Nawaelewa. Lakini ugumu wa kuamua si sababu ya kutokuamua. Dereva naye ana nusu sekunde mtoto akikatiza barabara, na hatusemi akanyage mafuta.

Sasa turudi kwetu. Katika soka, sheria ya 12 iko wazi: ukimwendea mwenzako kwa namna inayohatarisha usalama wake, ni kadi nyekundu, hata kama umegusa mpira kwanza. Nenda uwanja wowote wa mtaani hapa Jumamosi, utasikia nini? "Amecheza mpira! Amecheza mpira!" Mtoto yuko chini ameshika goti, na uwanja mzima unamtetea aliyemlaza. Mchezaji wa rafu anapewa jina la chuma au la mnyama mkali, na analifurahia.

Na ardhi yetu si nyasi za Nashville. Ni udongo mgumu na mawe. Nusu ya timu ina viatu vya njumu, nusu iko pekupeku. Mguu ukivunjika, safari ya kwanza ni kutafuta usafiri, ya pili ni kutafuta faranga, na mara nyingi ya tatu ni kwa mwunga mifupa kwa sababu ile ya pili imeshindikana. Kama kijana huyo ndiye aliyekuwa akibeba mizigo soko la Ruvumera ili wadogo zake wale, basi hajaumia peke yake. Nyumba nzima imevunjika mguu.

Msimu uliopita, katika mashindano tuliyoyaandaa, mshambuliaji wa miaka 15 alibaki na kipa. Mpira ulikuwa kati yao, kipa akajitupa kichwa kikitangulia. Kijana angeweza kupiga. Aliruka juu ya kipa, mpira ukadakwa, timu yake ikafungwa 1-0. Kwa wiki mbili wenzake walimwita Dada. Hakuna aliyeuliza kichwa cha yule kipa kingekuwa wapi leo. Kocha wake naye alinyamaza, na kijana akaelewa ukimya ule unamaanisha nini. Waswahili walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kocha anayeogopa kelele za uwanja leo, kesho atakuwa analia hospitalini na mzazi wa mtu.

Hapa ninawageukia na ninyi mnaofanya kazi katika mashirika. Tunashukuru kwa mipira na jezi, kweli. Lakini mpira unafika na kamera, bango la amani linafungwa kwenye goli, picha zinapigwa, na gari linaondoka. Kitanda cha kubebea majeruhi hakifiki. Mtu aliyefundishwa huduma ya kwanza hafiki. Tarehe 2 Januari 2023, Damar Hamlin wa Buffalo Bills alianguka uwanjani Cincinnati baada ya kugongana, moyo ukasimama. Waganga walikuwa pale pale, wakaushtua moyo wake mbele ya watu, na baadaye alirudi kucheza. Desemba 2016, uwanja wa Kaitaba, Bukoba, jirani zetu tu hapo Tanzania, kijana Ismail Mrisho Khalfan wa Mbao FC alianguka muda mfupi baada ya kufunga bao, na hakupona. Sisemi sababu zilikuwa moja. Nasema kijana anapoanguka, dakika tano za kwanza zinategemea nani yuko karibu na anajua kufanya nini. Katika viwanja vyetu, aliye karibu ni muuza karanga.

Bandeji, barafu, mtu mmoja aliyefundishwa, na refa anayejua kwamba aliyegongwa kichwa anatoka na harudi siku hiyo, hata akisema yuko sawa. Hivyo ni vya bei ndogo kuliko bango. Andikeni kwenye bajeti.

Lakini sehemu kubwa ni yetu sisi, na haihitaji bajeti. Ni midomo yetu pembeni ya uwanja. Katika timu ninazosimamia sasa tumekubaliana jambo moja: kijana akivuta mguu ili asimuumize mwenzake, kocha anamtaja kwa jina mbele ya wote kabla hata ya kumtaja mfungaji. Mwanzoni walicheka. Wanapungua kucheka.

Mathias Kiwanuka alicheza misimu tisa, yote na Giants, na alikuwemo timu hiyo ilipochukua ubingwa mara mbili. Mwaka 2010 msimu wake uliishia mechi ya tatu, kwa sababu ya jeraha la shingo. Wale waliotaka ambwage Young bila kujali, ndio haohao waliosema pole. Sijui kama waliona uhusiano. Mimi nauona: shingo ni shingo, ya mrushaji, ya mlinzi, au ya kipa wa miaka 15 anayejitupa kwenye mawe ya Kinama. Mkono unaofunguka kwa wakati unaweza kukupoteza mechi. Hilo ni gharama, na nadhani sisi, kuliko watu wengi, tunajua kuna gharama kubwa kuliko mechi.