Chumba Chembamba cha Wati 75: Kusoma Umbo la Kompyuta Moja ya Tezo

Dada yangu huliita "jiko la pili". Liko juu ya meza kando ya dirisha, katika nyumba ya mabati pale Tezo, si mbali na barabara kuu iendayo Malindi. Ni kasha jeusi la chuma lenye unene wa sentimita kumi hivi, mojawapo ya zile kompyuta za ofisi zilizomaliza zamu yake Ulaya, nasi tukazinunua kwa jina la "ex-UK". Usiku mwanawe hulitumia kucheza mpira wa kompyuta na kuutangaza laivu, kwa Kiswahili kilichochovywa katika Kigiriama. Mchana hulifungua kwa bisibisi.

Siku ya kwanza niliweka kiganja juu ya kifuniko nikakiondoa upesi. Nikakipeleka nyuma, penye matundu ya kutolea hewa: sikuhisi hata pumzi. Joto lilikuwa limejaa ndani na njia ya kutoka halina. Nikaona hapa pana kazi ya mhakiki.

Tumefundishwa kutenga fani na maudhui: chombo ni hiki, kilichomo ni kile. Kasha hili halikubali kukatwa hivyo. Sehemu kubwa ya kilichomo ni hewa, na hewa haina umbo ila inalopewa na kuta, nyaya na mapezi ya chuma inayoyapitia. Kwa hiyo anayetaka kujua kwa nini kompyuta hii inachemka asianze kuhesabu feni. Aisome kama chumba: upepo unaingilia wapi, unakutana na nani, unatokea wapi.

Kila kazi ya sanaa ina msomaji iliyemkusudia. Aliyekusudiwa na kasha hili ni karani wa nchi ya baridi, anayefungua barua pepe asubuhi na kuondoka jioni. Ndiyo maana matundu ya mbele ni machache na madogo, hitisinki, yale mapezi ya chuma yanayoipooza prosesa, ni fupi, na kitako cha kadi ya michoro kinapokea kadi ya nusu kimo tu. Hakuna kilichokosewa hapo. Mwandishi alimjua msomaji wake, akamwandikia kwa ufupi. Ni sisi tuliokipeleka kitabu kwa msomaji mwingine.

Tofauti ya wasomaji hao wawili inahesabika. Feni haitengenezi baridi. Huhamisha joto tu, wala haiwezi kuishusha prosesa chini ya joto la chumba. Prosesa iliyomo humu ni Core i5-8500 ya mwaka 2018, yenye viini sita na kiwango cha wati 65. Tuseme kazi ikikolea inapanda digrii 55 juu ya joto la chumba. Katika ofisi ya London yenye digrii 20, itasimama kwenye 75. Chini ya mabati ya Tezo, alasiri ya Februari, chumba kikiwa na digrii 33, itafika 88. Hitisinki ni ileile na kazi ni ileile. Kilichobadilika ni muktadha. Ikikaribia 100, prosesa hujipunguzia kasi ili isiungue, na watazamaji wakaona mchezaji amegandia hewani mguu juu.

Sasa tuje kwenye mizani ya kazi hii. Kitako cha kadi ya michoro hutoa umeme usiozidi wati 75, na pawa saplai ya kasha dogo kama hili haina waya wa ziada wa kuilisha kadi kubwa. Hiyo ndiyo mizani: silabi ya sabini na sita haipo. Kijana alichagua RTX 3050 ya gigabaiti 6, ya nusu kimo, iliyotoka mwanzoni mwa 2024, inayokula wati 70. Imeingia barabara, kama neno lililotafutwa siku tatu. Lakini umeme wote inaokula hugeuka joto, nalo hutemwa ndani ya chumba kilekile. Uso wa kadi unatazamana na pawa saplai, kati yao nafasi ya vidole viwili.

Ukiifuata ile barabara kuu ya Malindi kuelekea kaskazini utafika Gedi, mji wa mawe ambao James Kirkman alianza kuuchimbua mwaka 1948 na ambao UNESCO iliuingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ingia katika vyumba vyake upime kwa hatua. Ni vyembamba mno kwa watu wenye mali vile. Sababu ilikuwa juu ya vichwa vyao: dari ya mawe na chokaa ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haivuki kwa usalama zaidi ya mita tatu hivi. Upana wa chumba uliamuliwa msituni, kabla fundi hajashika mwiko. Lakini fundi hakukaa kuulilia upana. Boriti ilimfunga upande mmoja, akarefusha chumba upande wa pili, akavipanga kimoja nyuma ya kingine, akaviacha vipumulie uani.

Ninaisoma kompyuta ya Tezo kwa ufunguo huo. Wati 75 ni boriti yake. Swali la kuboresha ni moja: ni upande gani umeachwa wazi?

Jaribio la kwanza la mpwa wangu halikuuliza swali hilo. Alivua kifuniko kabisa. Wapo watakaoita hilo ukombozi wa umbo. Kadi ilipoa kidogo, prosesa haikupoa, kwa sababu hewa iliyokuwa ikilazimishwa kupita kwenye mapezi ya hitisinki sasa ilikata njia ya mkato na kupotelea chumbani. Juma la pili aliniita. "Mjomba, njoo uone mpangaji." Mjusi alikuwa amelala kwenye mazabodi, pembeni mwa RAM, akiota moto. Kuta zile zilikuwa na kazi.

Jaribio la pili lilianza kwa kupunguza. Alipong'oa hitisinki tulikuta vumbi limefumwa kati ya mapezi mpaka likawa kama kitambaa, na pesti iliyopakwa juu ya prosesa imekauka kama ukoko wa sufuria. Akapuliza kwa blowa, akafuta, akapaka pesti mpya kiasi cha punje ya mbaazi. Kisha akabadilisha mgawo wa kazi. Katika OBS Studio, ile programu ya bure ya kurushia laivu, prosesa ndiyo iliyokuwa ikibana picha huku ikiendesha mchezo. Akaihamishia kazi hiyo NVENC, sakiti iliyomo ndani ya kadi kwa ajili hiyo hasa. Mchezo akaufunga kwenye fremu 60 kwa sekunde, na picha akairusha kwa 720p, kilobiti 4,000 kwa sekunde. Hata bando lilishukuru: saa nzima ya laivu ikala gigabaiti 1.8 hivi. Zaidi ya hiyo pesti hakununua kitu, na joto likashuka. Mhariri mzuri hufanya vivyo hivyo: hufuta kabla ya kuongeza.

Ndipo akaongeza kimoja. Alitoboa kifuniko pale tu panapokabili kadi, akaziba tundu kwa wavu wa mbu wa dirishani, hewa ipite na mjusi abaki nje. Ninaliona tundu hilo kuwa mstari bora wa kazi nzima. Limekatwa kwa mkono na kingo zake hazilingani, lakini liko mahali pake: linaipa kadi pumzi yake bila kuiibia prosesa. Angetoboa kifuniko chote, angerudi kwenye kosa la kukivua.

Kasoro hazikwisha. Kadi bado inatema joto lake ndani, na pawa saplai ndiyo jirani anayelipokea. Wavu usiposafishwa kila wiki utakuwa ukuta. Na paa ni la mabati. Hakuna bisibisi itakayoligeuza kuwa makuti. Kwa hilo kijana ameutumia upande mwingine uliokuwa wazi, yaani saa. Hurusha laivu baada ya saa tatu usiku, mabati yakishapoa, kasha likiwa limesogezwa dirishani ambapo upepo wa kaskazi huingia.

Usiku mmoja nilikaa nyuma yake akitangaza, nikaweka kiganja juu ya kifuniko. Kilikuwa na uvuguvugu tu. Nikakipeleka nyuma, penye matundu. Upepo wa moto ulikuwa ukitoka, mwembamba, bila kukatika.